Kijidudu Kimesomwa, Papasi Bado Yumo Nyumbani

Wasomaji wetu waliozaliwa katika nyumba za udongo za bara hawana haja ya kuelezwa papasi ni nani. Wamelala naye chumba kimoja. Taa ikizimwa hutoka katika nyufa za sakafu na za kuta, humnyonya damu aliyelala kwa muda usiotimia saa moja, kisha hurudi mafichoni kabla hakujapambazuka. Yeye si kupe wa ng'ombe, ambaye hung'ang'ania ngozi ya mnyama siku kadhaa mpaka akavimba kama mbegu ya mbarika. Papasi ana ngozi laini, hula upesi na kuondoka upesi, na akikosa chakula aweza kukaa mavumbini miaka kadhaa asife. Anayeumwa naye mara nyingi haamki, wala asubuhi hajui kwamba usiku alikuwa na mgeni. Atajua baada ya wiki moja hivi, homa itakapomwangusha.

Homa hiyo ina tabia yake. Humshika mtu kwa ukali siku chache, pamoja na maumivu ya kichwa na viungo, kisha huondoka ghafula kwa jasho jingi. Mgonjwa huinuka, hunywa uji, na kusema, "Nimepona." Baada ya siku kadhaa homa hurudi. Huondoka tena, hurudi tena, na kila ijapo humkuta mtu amepungua nguvu kuliko safari iliyopita. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda mwili ukashinda vita hivyo baada ya mizunguko kadhaa. Kwa mtoto mdogo na kwa mja mzito mambo ni mengine. Wataalamu waliofanya kazi vijijini hapa Tanzania walitangaza mwaka 1997 habari za akina mama walioshikwa na homa ya papasi wakiwa na mimba. Na habari hizo zilikuwa za kuhuzunisha, kwa maana mimba nyingi ziliharibika na vichanga wengi walikufa. Mama aliyepoteza mtoto kwa njia hiyo huenda akaambiwa ni bahati mbaya, au akamshuku jirani yake, ilhali aliyetenda uovu amejificha chini ya kitanda chake.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wa wasomaji wetu hawakulisikia lilipotendeka. Mwaka 2008 wataalamu wa mji wa Marseille, nchini Ufaransa, pamoja na wenzao, walitangaza kwamba wamekisoma chote, tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho, kitabu cha urithi cha kijidudu kinacholeta homa ya papasi. Kijidudu hicho ni bakteria mwembamba aliyejisokota kama parafujo, na jina lake la kitaalamu ni Borrelia duttonii. Na hao bakteria waliosomwa walitoka wapi? Walitoka katika damu ya mtoto wa kike wa miaka miwili, mgonjwa wa homa ya papasi, hapa hapa Tanzania.

Yafaa tueleze kwanza maana ya maneno hayo, kwa kuwa mambo ya namna hii yasipoelezwa hubaki mali ya wachache. Kila kiumbe chenye uhai, tangu mwanadamu mpaka mchicha na bakteria, hubeba ndani yake maagizo ya namna ya kujijenga, kula na kuzaa. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba sana uitwao DNA, kwa herufi nne tu zinazopangwa kwa mfuatano mrefu. Jumla ya maagizo yote ya kiumbe huitwa jenomu. Jenomu ya mwanadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Ya kijidudu cha papasi, kama ilivyosomwa katika maabara, ina herufi 1,574,910. Kuisoma ni kuzipanga herufi hizo kwa utaratibu wake, moja baada ya moja, na kutambua ni maneno gani yanayotoa amri gani.

Waliokisoma kitabu hicho walikuta mambo ya ajabu. Bakteria walio wengi huhifadhi maagizo yao katika pete moja kubwa isiyo na mwanzo wala mwisho. Huyu wa papasi amegawa yake katika vipande 17. Kipande kimoja kikubwa ni uzi ulionyooka wenye herufi zaidi ya laki tisa, na vipande 16 vilivyobaki ni vidogo vidogo, viitwavyo plasmidi. Ni kama mtu aliye na daftari moja kubwa la kazi za kila siku, tena ana karatasi nyingi alizozitia mifukoni. Na katika karatasi hizo za mifukoni ndimo ilimo sehemu kubwa ya hila yake.

Hila yenyewe ni hii. Mwili wa mtu ukivamiwa hutengeneza askari wanaoitambua sura ya adui, yaani protini zilizo juu ya ngozi yake. Askari wakishamtambua humwua kwa maelfu, na hiyo ndiyo siku homa inapokatika kwa jasho. Lakini kijidudu hiki kina ghala la mavazi. Kanzu moja huvaliwa nje na nyingine nyingi zimekunjwa ndani, zikingoja zamu. Wachache miongoni mwa vijidudu huwa wamekwisha badili kanzu kabla askari hawajawafikia. Askari huwapita bila kuwajua, nao huzaana katika damu mpaka homa inarudi. Jambo hili lilichunguzwa kwa undani kwanza katika ndugu yake wa Marekani. Kitabu cha kijidudu chetu kimeonyesha kwamba naye anazo jamaa nzima za jeni za namna hiyo. Basi ile homa ambayo wazee wetu waliieleza kwamba huondoka na kurudi, sababu ya kurudi kwake leo imeandikwa, na yeyote aweza kuisoma.

Wataalamu hao hawakuishia hapo. Walisoma pamoja na kitabu hicho kitabu cha bakteria mwingine, aitwaye Borrelia recurrentis, aliyetoka kwa mgonjwa wa Ethiopia. Huyu haenezwi na papasi bali na chawa wa nguoni, na homa yake ndiyo iliyoangamiza watu wengi wakati wa vita na njaa, hasa baada ya vita kuu mbili za dunia. Asipotibiwa, huua watu 10 mpaka 40 katika kila wagonjwa 100. Vitabu viwili vilipowekwa bega kwa bega, ilionekana kwamba yule wa chawa si kabila la mbali. Ni tawi la huyu wa papasi, ambalo limepoteza karibu sehemu moja katika tano ya maagizo yake. Miongoni mwa yaliyopotea ni maagizo ya kuwatengeneza mafundi wanaosahihisha makosa katika uzi wa urithi, na fundi akiisha kuondoka nyumba huzidi kubomoka. Walakini huyu aliyepungukiwa ndiye mwuaji mkubwa zaidi. Fundisho hilo halikujulikana kwa kutazama hadubini peke yake. Limejulikana kwa kusoma.

Twasema haya ili msomaji aone kwamba kazi iliyofanyika Marseille ni kazi njema, nasi hatuwaonei kijicho walioifanya. Wala hawakuificha, kwa maana waliichapa katika jarida ambalo mtu yeyote duniani aweza kulisoma bila kulipa senti moja. Lakini yako maswali ambayo mtu mwenye kujiheshimu hana budi kuyauliza anapoona damu ya mtoto wa nchi yake imesafiri mbali hivyo na kurudi kama karatasi. La kwanza ni hili: mbona kazi hiyo ilichelewa mno? La pili: hiyo karatasi imemfaa nini mtoto mwingine aliye mgonjwa?

Tutazame kuchelewa. Mwaka 1904, nchini Uganda, madaktari Ross na Milne walionyesha kwamba homa ya kupe waliyoijua wenyeji na wasafiri huletwa na vijidudu vilivyojisokota katika damu. Wakati ule ule kijana Mwingereza aitwaye Joseph Everett Dutton alikuwa akizunguka Kongo pamoja na mwenzake, John Todd, wakiichunguza homa hiyo hiyo. Walithibitisha kwamba papasi ndiye mbebaji. Wote wawili waliugua, na Dutton akafa Kasongo mwezi Februari 1905. Mwaka huo huo Mjerumani Robert Koch alikuwa katika nchi yetu, ambayo wakati ule ilikuwa chini ya serikali ya Kijerumani. Aliwakuta papasi tele katika mabanda ya kulala wasafiri kandokando ya njia za misafara, akaonyesha kwamba vijidudu hupita kutoka kwa papasi mama mpaka katika mayai yake, hata watoto huzaliwa wakiwa tayari na sumu ya mama yao. Kijidudu kikapewa jina la Dutton, na heshima hiyo alistahili, kwa kuwa alilipa kwa maisha yake. Lakini wapagazi waliolala katika mabanda yale usiku baada ya usiku, wakibeba mizigo ya wengine mchana na kuliwa na papasi usiku, hakuna jina la hata mmoja wao lililotiwa katika jina la ugonjwa.

Sasa tulinganishe. Katika Marekani kuna ugonjwa mwingine uenezwao na kupe wa porini, uitwao ugonjwa wa Lyme, kwa jina la mji mmoja wa jimbo la Connecticut. Bakteria wake, ambaye ni ndugu wa huyu wetu, alitangazwa mwaka 1982. Kitabu chake kilisomwa chote mwaka 1997, yaani baada ya miaka 15. Kijidudu cha papasi kilijulikana mwaka 1904, na kitabu chake kikasomwa mwaka 2008, baada ya miaka 104. Tukubali kwamba katika miaka mingi ya hiyo 104 chombo cha kusomea hakikuwapo popote duniani, maana bakteria wa kwanza aliye huru kusomwa jenomu yake yote alisomwa mwaka 1995. Tukubali tena kwamba kijidudu chetu kilikuwa kigumu kufugwa katika chupa, na kwamba jambo hilo lilitangazwa kuwezekana mwaka 1999. Hata hivyo ugumu peke yake hautoshi kueleza. Ugonjwa wa Lyme uliwashika watu wenye sauti na wenye fedha. Homa ya papasi hushika watu walalao juu ya udongo. Chombo kilipopatikana, kilielekezwa kwanza mahali penye fedha.

Na hapa pana jambo ambalo twapenda kila msomaji alishike, kwa kuwa si mara nyingi husemwa. Mtu aliyemgundua bakteria wa Lyme alikuwa Willy Burgdorfer, Mswisi aliyehamia Marekani. Alipowapasua kupe waliotoka pwani ya New York na kuona ndani yao vijidudu vilivyojisokota, alivitambua upesi. Kwa nini? Kwa sababu alipokuwa mwanafunzi mjini Basel, utafiti uliompatia shahada yake ulihusu papasi wa Afrika na huyu huyu Borrelia duttonii. Mwalimu wake alikuwa Rudolf Geigy, yule ambaye katika miaka ya 1950 alianzisha maabara Ifakara. Basi papasi wetu alimfundisha Burgdorfer, na Burgdorfer akawafaa Wamarekani. Elimu iliyotoka katika vumbi la Afrika ilikwenda kuponya watu wa nchi tajiri zaidi duniani. Hatulalamiki kwa hilo, kwa kuwa elimu ni ya wanadamu wote. Lakini deni ni deni, na mdai asiyekumbusha hasemi kwamba alidhulumiwa; husemwa amesamehe.

Tukiisha kuwakumbusha wengine, na sisi wenyewe hatuna budi kujitazama, kwa sababu swali la pili halijibiwi Marseille. Hujibiwa katika zahanati zetu.

Mtoto akiletwa zahanati na homa, siku hizi hupimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria. Ni kipimo kizuri. Kimewaokoa wengi na kimezuia dawa za malaria kutolewa ovyo. Lakini kipimo hicho huulizwa swali moja tu, nacho hujibu swali hilo moja tu: je, kuna malaria? Zamani, damu ilipotazamwa kwa hadubini, mtazamaji aliyekuwa akitafuta malaria aliweza kwa bahati kuwaona hao waliojisokota wakipita kati ya chembe za damu. Kile kikaratasi cha haraka hakina macho ya bahati. Kikisema "hakuna", mtoto hupewa dawa ya kushusha homa na kurudishwa nyumbani. Siku ya tatu au ya nne homa huondoka yenyewe, na mama hushukuru. Homa irudipo, huambiwa ni malaria mpya, au taifodi, au jina lolote lililo karibu.

Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba tiba ipo, tena si ghali. Tetrasaiklini, penisilini na erithromaisini, dawa ambazo wazazi wetu walizijua, humwua kijidudu hiki. Mganga aliyefundishwa anajua vilevile kwamba saa chache baada ya dawa mgonjwa aweza kutetemeka na kupandwa na homa kali, kwa sababu vijidudu vinakufa kwa wingi kwa mara moja, na kwamba yampasa kumlaza na kumwangalia, si kumpa vidonge na kumwaga. Tunayo dawa, tunao waganga, na sasa tuna hata kitabu cha adui. Tunachokosa ni kumwuliza mgonjwa swali la pili baada ya kikaratasi kusema "hakuna".

Hapo ndipo kile kitabu cha mwaka 2008 kingeweza kuwa chombo badala ya karatasi. Mwenye kuwa na herufi zote za adui aweza kuchagua neno moja ambalo analo yeye na jamaa zake tu, akatengeneza kipimo cha kulitafuta neno hilo katika tone la damu. Jeni moja iitwayo glpQ, mathalani, imo katika vijidudu vya homa za kurudi-rudi na haimo katika yule wa Lyme, na wataalamu wameitumia kwa kazi ya kutofautisha. Kipimo cha namna hiyo katika maabara kubwa kinawezekana leo. Kipimo cha zahanati, chenye bei ya chai na andazi, hatujapata kukiona. Mfanyabiashara hatengenezi bidhaa ambayo mnunuzi wake hana fedha. Kwa hiyo wa kuitaka ni Serikali, vyuo vyetu na wananchi wenyewe, maana hakuna mwingine mwenye haja nayo kama sisi.

Twajua yatakayosemwa na wanaopinga. Wa kwanza watasema: ugonjwa huu ni wa zamani, mabati na saruji vinazidi kuenea, na papasi anakimbia mwenyewe, ya nini kujisumbua? Ni kweli kwamba sakafu ya saruji na ukuta usio na ufa ni adui mkubwa wa papasi kuliko dawa yoyote. Lakini nani wa mwisho kupata saruji? Ni yule maskini kuliko wote, na mtoto wake hawezi kuambiwa angoje. Tena ugonjwa uliosahauliwa haujafa kwa kusahauliwa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hapa Tanzania vijidudu vya jamaa hii vimepatikana katika damu ya kuku na nguruwe. Basi wale tuliodhani kwamba adui anaishi katika mwanadamu na papasi peke yao tumefundishwa kutazama hata bandani. Na mwaka 2015 homa ile ya chawa, tawi la hii yetu, iligunduliwa Ulaya katika wakimbizi waliotoka Pembe ya Afrika. Madaktari wa huko iliwabidi wafunue tena vitabu vya zamani.

Wa pili watasema: kusoma jenomu ni anasa ya mataifa makubwa, sisi tujenge sakafu kwanza. Hao tunawaheshimu, maana wanasema kwa uchungu wa fedha ya umma. Tena twakubaliana nao kwamba kama ingekuwa lazima kuchagua kimoja, tungechagua sakafu. Lakini nani amesema ni lazima kuchagua kimoja? Mwaka 2005 taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, ILRI, ikishirikiana na wenzao wa Marekani, ilitangaza jenomu ya Theileria parva, kijidudu kinacholeta ndigana kali ya ng'ombe, nacho huenezwa na kupe vilevile. Kilichosomwa kilitoka Muguga, nchini Kenya. Ng'ombe wa Afrika Mashariki basi alisomewa adui wake kwa kushirikisha maabara ya Afrika Mashariki, miaka mitatu kabla mtoto wa Afrika Mashariki hajasomewa wake huko Marseille. Hatuandiki hivyo kwa kumdharau ng'ombe, ambaye ni mali na heshima ya wafugaji wetu. Twaandika ili isisemwe kwamba haiwezekani.

Tena mashine zenyewe zimebadilika. Zamani kazi hiyo ilitaka chumba kizima cha mashine na gharama kubwa. Mwaka 2015, wakati wa Ebola katika Guinea, wataalamu walikwenda na mashine ya kusomea iliyoshikika mkononi, wakasoma virusi huko huko kwenye maradhi. Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Afrika la kuzuia magonjwa lilianzisha mpango wa kuzijengea nchi za Afrika uwezo wa kusoma jenomu za vijidudu, na janga la Uviko likazilazimisha nchi nyingi kujifunza kazi hiyo. Nasi hapa tunao vijana walioisoma kazi hiyo na kuifanya, Moshi, Morogoro na Dar es Salaam. Wasiachwe kupoteza ufundi wao kwa kukosa kazi ya kuufanyia.

Basi twapendekeza nini? Twapendekeza mambo matatu, na yote matatu yanawezekana.

Jambo la kwanza ni katika zahanati za mikoa ambayo papasi anajulikana. Mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria kimesema "hakuna", achukuliwe damu papo hapo, homa ingali kali, itazamwe kwa hadubini. Twasisitiza "homa ingali kali", kwa kuwa katika siku za nafuu vijidudu huwa vichache mno katika damu, na anayetazama siku hiyo haoni kitu. Aulizwe vilevile: homa hii ilikuwapo wiki iliyopita? Unalala wapi? Maswali hayo mawili hayagharimu hata senti. Na mja mzito awe wa kwanza kuulizwa.

Jambo la pili ni katika maabara zetu. Damu ya wagonjwa watakaopatikana isomwe hapa nchini na wataalamu wetu, wakishirikiana na yeyote atakaye kushirikiana kwa haki. Kile kitabu cha mwaka 2008 kilitoka katika mtoto mmoja. Papasi wa Dodoma na papasi wa mkoa mwingine huenda hawabebi kijidudu chenye mavazi yale yale, na kipimo kitakachotengenezwa lazima kiwatambue wote. Mwezi Mei 2025 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha mkataba juu ya magonjwa ya kuenea, ukaacha lile jambo gumu la kugawana faida zitokanazo na vijidudu liandikiwe kiambatisho chake. Mataifa makubwa hayakuona haya kubishana juu ya jambo hilo. Nasi tusione haya. Lakini mwenye kudai sehemu ya mavuno hana budi aonekane shambani na jembe.

Jambo la tatu ni sakafu. Katika mipango ya nyumba bora vijijini, papasi atajwe kwa jina lake. Nyufa zizibwe, vitanda viinuliwe na kutengwa na ukuta, kuku na nguruwe wajengewe banda lao mbali na wanapolala watu, na palipo na uwezo saruji imwagwe kwanza katika chumba wanacholala mama na watoto, kabla ya sebule ya kukaribishia wageni. Jambo hili halingoji wizara. Kijana aliyeko mjini anayepeleka fedha kwao kila mwezi aweza kulianza yeye katika nyumba aliyozaliwa.

Yule mtoto wa miaka miwili ambaye damu yake ilisomwa hakuombwa rai yake, wala umri wake haukumruhusu kuitoa. Alitoa alichokuwa nacho, nacho kilikuwa ugonjwa wake, na dunia imepata elimu kwa sababu yake. Hatuna njia ya kumlipa yeye. Njia iliyopo ni kuwalipa walio na umri wake leo, katika vijiji vile vile na juu ya sakafu zile zile. Mganga wa wilaya asomaye maneno haya asubuhi hii aweza kuanza leo, kabla ya saa ya chakula cha mchana: ahesabu ni zahanati ngapi za wilaya yake zenye hadubini inayofanya kazi na mtu ajuaye kuitumia, kisha aipeleke hesabu hiyo mbele ya baraza lake. Nasi tutafurahi kuichapa.